Spoku Moja Ilinikosesha Mteja: Ibadilishe Mapema, Usisubiri Kama Mimi

Mfanyabiashara mwenzangu, leo hatuongelei picha za bidhaa wala namna ya kujibu wateja inbox. Leo tunaongelea baiskeli inayopeleka mzigo wako.

Mimi nauza vyombo vya nyumbani mtandaoni, niko Tanga. Anayeujua mji wetu anajua baiskeli hapa ni usafiri wa heshima. Kutoka Ngamiani mpaka Raskazone kijana anafika bila kuchoma tone la mafuta. Ndiyo maana delivari zangu nyingi zinaenda kwa baiskeli.

Jumatano moja kijana wangu wa delivari akaniambia, "Dada, spoku moja imekatika gurudumu la nyuma. Naomba hela nikaweke nyingine." Nikamuuliza, baiskeli si inatembea? Akasema inatembea. Nikamwambia, "Basi mdogo wangu, malizia kwanza oda za wiki hii, Jumapili utaitengeneza."

Jumamosi tukawa na oda ya seti ya sahani na glasi, zawadi ya kicheni pati. Mteja kasema mzigo ufike kabla ya saa kumi jioni. Saa tisa na nusu simu ikaita. Kijana yuko barabarani, baiskeli haisogei. Spoku zilizokatika zimefika nne, ringi imepinda, tairi linasugua fremu. Kaingia kwenye shimo, baiskeli ikalala naye. Goti limechubuka, glasi mbili zimevunjika.

Nikahangaika na bodaboda, nikabadilisha glasi, mzigo ukafika saa kumi na moja na nusu. Shughuli imeshaanza, na mteja alishanunua zawadi nyingine dukani. Nikarudisha hela yote. Yule mama alikuwa ananiletea wateja kutoka kwenye magrupu yake. Mpaka leo hajanunua tena kwangu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba yule kijana hakunilaumu. Alisema tu, "Pole dada." Wakati aliyeumia ni yeye, na aliyenionya ni yeye.

Sasa nikaamua kukaa na fundi anifundishe. Haya ndiyo niliyojifunza.

KWA NINI MOJA INAKATA NYINGINE

Gurudumu halisimami kwa sababu spoku ni ngumu. Linasimama kwa sababu spoku zote zimevutwa, kila moja inavuta ringi kuelekea katikati, za kulia na za kushoto zikisawazishana. Baiskeli zile za kizamani za kubeba mizigo kwa kawaida zina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Nyingine nyingi zina 36.

Ikikatika moja, ringi inavutwa upande wa pili na kuanza kuyumba. Spoku za jirani zinabeba kazi ya mwenzao. Ukiongeza mzigo na mashimo, nazo zinafuata. Kwa hiyo "bado inatembea" maana yake ni kwamba jirani zake ndizo zinaumia.

Nyuma ndiko zinakokatika sana, kwa sababu uzito mwingi wa dereva na keria unakaa huko. Na mara nyingi hukatikia kwenye kona, pale spoku inapojipinda kuingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Spoku iliyolegea inakatika haraka zaidi, maana kila gurudumu likizunguka inalegea na kukaza, inalegea na kukaza, mpaka chuma kinachoka.

IKIKATIKA NJIANI

Simama. Usiendelee kwa kusema "nakaribia kufika."

Kipande kilichokatika kitoe, au kizungushie kwenye spoku ya jirani ili kisiingie kwenye cheni. Kama ringi inagusa breki, legeza breki ya gurudumu hilo, lakini hakikisha breki nyingine inafanya kazi. Punguza mzigo, na kama mzigo ni wa kuvunjika, mpe bodaboda. Baiskeli ikokotwe taratibu mpaka kwa fundi. Vipande vyote viwili vya spoku usivitupe, utavihitaji dukani.

JINSI YA KUIBADILISHA

1. Nunua inayofanana. Nenda dukani na vipande vya ile ya zamani. Urefu na unene vyote lazima vilingane. Usidhani spoku zote ni sawa: za mbele na za nyuma zinaweza kutofautiana, na hata kulia na kushoto kwa gurudumu lilelile la nyuma. Chukua pamoja na nati yake ndogo, ile inayokaa kwenye ringi. Na nunua spana ya spoku. Ni kitu kidogo cha mviringo chenye mikato pembeni, kinakaa mfukoni. Usitumie koleo, linakula nati.

2. Toa gurudumu, toa tairi na tyubu, kisha funua kile kipande cha mpira kinachofunika nati ndani ya ringi. Angalia upande. Kama iliyokatika iko upande wa friwili, yale meno ya cheni ya nyuma, mara nyingi friwili lazima itoke kwanza, na hiyo ina kifaa chake. Hapo mpe fundi tu. Kama iko upande wa pili, unaweza mwenyewe.

3. Pitisha spoku mpya kwenye tundu la habu. Hapa ndipo wengi wanakosea. Upande mmoja wa habu spoku zinapishana: moja kichwa kimetazama nje, inayofuata kimetazama ndani. Kwa hiyo usiige ya jirani kabisa. Ruka moja, iga inayofuata. Hiyo ndiyo pacha wake: inaelekea kulekule na inapishana na wenzake kwa mtindo uleule, mahali pa kupita juu inapita juu, mahali pa kupita chini inapita chini. Ikikataa kupita, ikunje kidogo kama upinde, usiivunje kona.

4. Weka nati, kaza kwa mkono, kisha kwa spana. Ukitazama kutoka upande wa tairi kuelekea katikati, kuzungusha kulia ni kukaza. Kaza mpaka ikaribiane na wenzake wa upande uleule. Utajuaje? Igonge kwa kucha. Spoku iliyokazwa inalia kama waya wa gitaa, iliyolegea inalia bubu. Mlio ukifanana na wa wenzake, umefika.

5. Nyoosha ringi. Rudisha gurudumu bila tairi, geuza baiskeli, siti chini. Shika chaki karibu na ringi, mkono ukiwa umetulia kwenye fremu, kisha zungusha gurudumu polepole. Pale chaki inapogusa ndipo ringi ilipoinamia. Ikiinamia kushoto, kaza kidogo spoku za kulia za sehemu hiyo, au legeza kidogo za kushoto. Robo mzunguko tu, kisha zungusha tena uangalie. Ukikaza kwa hasira utaharibu ringi nzima.

6. Papasa ndani ya ringi kwa kidole. Kama ncha ya spoku imechomoza juu ya nati, isage kwa tupa. Ukiiacha itatoboa tyubu na utalaumu miiba bure. Rudisha ule mpira, tyubu na tairi, jaza upepo.

7. Jaribu bila mzigo kwanza. Baada ya safari chache gonga tena, maana spoku mpya ikishakaa vizuri huwa inalegea kidogo.

Neno la tahadhari: kama leo imekatika moja, wiki ijayo nyingine, na zote zinakatikia palepale kwenye kona, usiendelee kuziba moja moja. Spoku zako zimechoka zote. Mwambie fundi asuke gurudumu upya kwa spoku mpya. Ringi na habu kama ni nzima vinabaki vilevile. Utalipa zaidi siku hiyo, lakini utalipa mara moja.

TULIVYOKUBALIANA NA KIJANA WANGU

Kwanza, kila hela ya delivari tunayopokea, shilingi 200 inaingia kwenye kopo la baiskeli. Ukiwa na delivari 6 kwa siku ni 1,200. Kwa siku 6 za kazi ni 7,200. Sitoi tena hela ya spoku kwenye mtaji, na yeye haniombi kama anaomba msaada. Ni hela ya baiskeli.

Pili, Jumatatu asubuhi kabla ya oda ya kwanza, tunagonga spoku zote moja moja, tunaangalia upepo na breki. Haifiki dakika kumi. Tyubu yenye upepo mdogo inaifanya ringi ipokee kila shimo, kwa hiyo upepo ni lazima.

Tatu, mzigo mzito unakaa chini, umegawanywa matenga mawili, kulia na kushoto. Haulundikwi upande mmoja. Kwenye shimo au tuta, anashuka au anapunguza mwendo, hata kama mteja anapiga simu.

Nne, na hili ndilo kubwa: akisema baiskeli ina tatizo, baiskeli inasimama. Hatubishani. Mimi namwandikia mteja mapema kwamba mzigo utachelewa au utakuja kwa bodaboda. Nimegundua mteja anasamehe kuchelewa akiambiwa saa nne asubuhi. Akiambiwa saa kumi jioni, hasamehi.

Ndugu yangu, tunalipia matangazo, tunanunua bando, tunabembeleza wateja usiku kucha. Halafu mzigo tunaupandisha kwenye gurudumu linaloyumba, kwa sababu hela ya chai na maandazi imetuuma kuitoa. Mimi nilibana hela ya spoku moja, nikalipa glasi, bodaboda, oda nzima na goti la mtoto wa watu.

Leo kabla hujafunga, nenda kagonge spoku za baiskeli yako. Halafu muulize anayekupelekea mizigo: kuna kitu uliniambia nikakipuuza?

Mtumie na mwenzako mwenye delivari ya baiskeli. Na wewe tuandikie, tatizo gani dogo uliliacha likakugharimu kubwa?