Usiku wa Mfalme na Nyumba ya Wazee

Kila mwaka wa Miladia unapoelekea ukingoni, hufanyika nchini Uingereza tamasha ambalo familia nyingi za huko hulitazama pamoja kwenye televisheni, babu na mjukuu. Huitwa Royal Variety Performance. Katika usiku mmoja hupanda jukwaani waimbaji, wachekeshaji, wanasarakasi na wafanya mazingaombwe, na katika roshani ya heshima huketi mfalme, malkia au mmoja wa jamaa zao. Onesho likimalizika, wasanii hujipanga safu, na mgeni huyo hupita akiwapa mkono mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2024 aliyehudhuria ni Mfalme Charles wa Tatu mwenyewe, katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London.

Hatukukusudia kuandika juu ya nyimbo na vichekesho. Hukumu ya mambo hayo wanazuoni wamekwisha kuieleza, na mwenye haja atawauliza. Tumekusudia kuuliza swali moja tu: fedha za usiku ule huenda wapi? Jawabu lake linatuhusu sisi tunaoshika vitabu vya hesabu vya misikiti, na linamhusu kila mzazi anayechangia.

Fedha hizo huenda kwa wasanii waliozeeka, waliougua au waliofikwa na dhiki. Kusini-magharibi mwa London, katika mtaa wa Twickenham, ipo nyumba iitwayo Brinsworth House. Humo hutunzwa wazee waliotumia umri wao jukwaani, ambao leo sauti imekauka na magoti yamechoka. Nyumba hiyo ilianza kutumika kwa kazi hiyo mwaka 1911, chini ya mfuko wa kusaidiana wa wasanii wenyewe. Wasanii wa zama hizo waliishi kwa kuhama mji hadi mji, wakilipwa kwa kazi ya wiki hiyo. Aliyeugua hakuwa na mshahara, na aliyezeeka hakuwa na kiinua mgongo. Watu waliokuwa wakimshangilia jana, leo hawamjui.

Mfalme George wa Tano alitarajiwa kuhudhuria onesho la namna hii mjini Edinburgh mwaka huo wa 1911. Lakini mwezi Mei, katika ukumbi uleule uliokusudiwa, taa iliwasha moto jukwaani wakati wa onesho la mfanya mazingaombwe aliyejulikana kwa jina la The Great Lafayette. Pazia la kuzuia moto liliteremshwa, na watazamaji wote wakatoka salama. Nyuma ya pazia lile walifariki Lafayette na wenzake wa jukwaani. Msomaji na atafakari: waliokuja kufurahi walirudi makwao, na waliokuja kuwafurahisha ndio walioteketea.

Mwaka uliofuata, tarehe 1 Julai 1912, onesho lilifanyika katika ukumbi wa Palace Theatre, London, mbele ya Mfalme George na Malkia Mary. Mfalme alikubali kuhudhuria kwa sharti kwamba mapato yaende kwenye mfuko ule wa wasanii. Tangu mwaka 1921 likawa jambo la kila mwaka, na mwaka 1960 likaanza kurushwa na televisheni. Hapo fedha zikapata mlango wa pili: juu ya tiketi za waliomo ukumbini, yakaongezeka malipo ya kituo kinachorusha onesho.

Hatusemi kwamba jambo hilo halina ila. Katika onesho la 1912, Marie Lloyd, mwimbaji aliyependwa mno na watu wa kawaida, hakualikwa, na inasimuliwa kwamba mizaha yake ilionekana haistahiki masikio ya kifalme. Mwaka 1963, John Lennon wa kundi la Beatles aliwatania watazamaji akiwaomba walioketi viti vya bei nafuu wapige makofi, na waliobaki watikise vito vyao tu. Watu walicheka, lakini mzaha ule ulikuwa na ukweli ndani yake. Penye taa nyingi na mgeni mkubwa, ni rahisi mtoaji kutoa ili aonekane, na mwenye shida akasahauliwa.

Uislamu umelizungumza jambo hili kwa mizani. Katika Suratul Baqara, aya ya 271, tunafundishwa kwamba sadaka ya dhahiri ni njema, na ya siri inayomfikia fukara ni bora zaidi. Kabla yake, aya ya 264 inatuonya tusiibatilishe sadaka kwa masimbulizi na maudhi. Basi hadhara yenyewe haikuharamishwa. Kinachoharibu ni riyaa ya mtoaji na kudhalilishwa kwa mpokeaji.

Hapa ndipo tulipojitazama sisi wenyewe. Mwaka jana kamati yetu iliandaa hafla ya changizo. Tulianza kwa kujadili nani awe mgeni rasmi, kisha maturubai, spika na pilau. Fedha zilipopatikana ndipo tulipokaa kuulizana zifanye nini, na tukaishia kubadilisha mazulia ambayo hayakuwa yamechakaa. Hayo tuliyaandika kwa mkono wetu katika kitabu cha mihtasari, na leo tukiyasoma tunaona haya.

Nyumba chache kutoka msikitini anaishi Maalim aliyewafundisha alifu na bei nusu ya wajumbe wa kamati ile. Alilipwa kwa ada ndogo ya kila Alhamisi, na watoto wa mafukara hakuwadai. Sasa macho yake yana mtoto wa jicho. Tulipomzuru siku ya Idi tukiwa na sukari na mchele, hakuomba kitu. Aliuliza tu kama mbao zake za kuandikia zingali zinatumika madrasa. Tulijibu kwamba zinatumika. Ukweli ni kwamba ziko stoo, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumwambia. Tumekwisha kumwomba Allah msamaha kwa uongo huo, na inshaallah tutamwomba na yeye.

Wasanii wale wa London hawakumngoja mfalme ndipo wawakumbuke wazee wao. Nyumba ilikuwapo kabla ya usiku wa mfalme; mgeni alikuja kuusaidia mfuko ambao wenye kazi yao walikwisha kuuanzisha, na ambao shabaha yake ilijulikana. Sisi tulifanya kinyume: tulitafuta mgeni kwanza, na haja tukaitafuta baadaye.

Hatuhitaji ukumbi wala roshani. Tunahitaji mambo matatu: orodha ya maalimu na waadhini waliozeeka katika kila mtaa, fungu maalumu litakalotajwa kabla ya changizo lolote kutangazwa, na mtu mmoja mwaminifu wa kupeleka haki hiyo kila mwezi, kimya kimya, bila picha. Nanyi wazazi mnaweza kuanza leo jioni. Waulizeni watoto wenu ni nani aliyekufundisheni Qur'ani, kisha wachukueni mkamwamkie, naye awaone wajukuu wake wa elimu.

Kwa upande wetu, jina la Maalim yule limeandikwa kuwa ajenda ya kwanza ya kikao kijacho, na matibabu ya macho yake ndiyo tutakayoyajadili kabla ya jambo jingine. Mbao zake nazo zimekwisha kutolewa stoo na kufutwa vumbi.

Wabillahi tawfiq.