Herufi Nene Yenye Miguu



Toleo la mwezi uliopita lilituletea lawama tuliyoistahiki. Tangazo la hitima ya arubaini lilisema tarehe 13, na bibi mmoja wa hapa Al Khuwair akasoma 18. Alifika kwa teksi siku tano baada ya watu kutawanyika, akakuta mlango umefungwa. "Mwalimu," alituambia kwa simu, wala hakupandisha sauti, "mmenikosesha hitima ya shoga yangu." Hatukuwa na la kujibu ila kumtaka radhi.

Tuliitazama nakala ile. Macho ya bibi hayakuwa na kosa: 3 ilikuwa imejaa wino pembeni, ikafunga, ikawa 8. Mkosaji ni herufi tuliyoichagua wenyewe na kuisifu, na kwa hiyo tunaona ni haki msomaji aijue.

Ni herufi isiyo na madaha. Mistari yake inakaribiana kwa unene, na kila mstari unapokoma hukaa juu ya kijiguu kinene cha pembe nne, mfano wa nguzo juu ya jiwe la msingi. Ilidhihiri London. Mtengenezaji wa herufi za chapa, Vincent Figgins, aliionesha katika daftari lake la vielelezo mnamo mwaka 1815 hivi. Zama hizo biashara ilikuwa imehamia kutani: matangazo ya bidhaa na ya bahati nasibu yakishindana kumwita mpita njia, na herufi nyembamba za vitabuni hazikuwa na sauti ya kufika ng'ambo ya barabara.

Wapiga chapa wakaja kuziita herufi za Kimisri. Asili ya Misri hazina hata chembe. Napoleon aliivamia Misri mwaka 1798, na tangu hapo Ulaya ikashikwa na homa ya mambo ya nchi hiyo, hata lisilohusika likapewa jina lake. Homa yenyewe haikupoa upesi, kwani baada ya zaidi ya miaka mia moja Wajerumani waliitoa Memphis, na Wamarekani wakatoa Karnak na Cairo, zote za jamii hiyohiyo.

Mwaka 1845 Robert Besley, naye wa London, alitoa Clarendon, yenye miguu iliyolainishwa kwa mkunjo. Hiyo iliingia vitabuni. Neno likihitaji kuonekana haraka katikati ya maandishi ya kawaida, kama lile linalofafanuliwa katika kamusi, liliwekwa kwa herufi hiyo na jicho likalifikia bila ya kutafuta.

Sisi tuliokuwa walimu tuliishi na jamaa wa herufi hizi miaka mingi bila ya kujua nasaba yao. Ni herufi za taipureta. Mashine ile huipa kila herufi nafasi sawa, m na i zikalingana kwa upana. Basi i ilitiwa miguu mipana ili isielee peke yake katika uwanja mkubwa. Ni karatasi ngapi za mitihani tulizozichapa hivyo juu ya stensili, vidole vikiwa vyeusi kwa wino!

Mwenye kuijua khati ya Kiarabu hatalistaajabia jambo hili. Misahafu mingi ya mwanzo iliandikwa kwa Kufi, khati nzito yenye pembe. Baadaye Naskhi ikashika kazi ya kuandika kurasa, na Kufi ikabaki kwenye kuta za misikiti na vichwa vya sura. Kila khati ilipewa mahali pake, na hapo ndipo sisi tulipoteleza.

Gazeti hili hupigwa fotokopi, na nakala hupigwa nakala tena majumbani. Kila mzunguko mistari myembamba hukatika, hata n ikabaki vijiti viwili visivyojuana. Tulipoijaribu Rockwell, iliyotolewa na kampuni ya Monotype mwaka 1934, tukaona vichwa vya habari vinatoka salama hata nakala ya nne. Tukalewa ushindi. Tukaipeleka katika kila pembe ya gazeti, pamoja na matangazo madogo, nayo ikiwa katika unene wake wote. Hatukufikiri kwamba mashine hiyohiyo inayokula mstari mwembamba huinenepesha mistari minene, na kwamba katika herufi ndogo nene nafasi nyeupe ya ndani huwa kama tundu la sindano. Tundu likiziba, 3 na 6 zote huwa 8, na e haitambulikani na o.

Kuanzia toleo hili herufi nene itabaki kwenye vichwa vya habari tu, na hapo hatutaiondoa, kwani wazee wetu wengi huanza kusoma vichwa kabla ya kutafuta miwani. Matangazo ya misiba, harusi na hitima yatakuwa kwa unene wa kawaida na ukubwa uliozidi, na tarehe zitaandikwa pia kwa maneno. Yatachukua nafasi zaidi. Mashairi mawili yamesubirishwa mwezi ujao, na watunzi wake watuwie radhi.

Ukurasa mpya wa matangazo tulimpelekea bibi kwanza, nakala ya nakala, tukiwa tumeichagua iliyo mbaya kuliko zote. Aliusogeza dirishani, akaushika mbali na uso, akazisoma tarehe zote kwa sauti. Kisha akatuuliza kwa nini jina la shoga yake halimo.