Leica na Kiwango cha Pamoja: Hatari za Ushirika kwa Bidhaa ya Hadhi

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Hata hivyo, kampuni inayouza bidhaa ghali kwa sababu ya upekee wake hukabiliwa na swali gumu: ikishirikiana na wengine, upekee huo utabaki wapi? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kurejelea Leica ya Ujerumani, ambayo kamera yake ya kwanza iliingia sokoni mwaka 1925.

Kiini cha suala hili ni kifungio, yaani pete ya chuma inayoshikanisha lenzi na kamera. Kwa kawaida, kila kampuni huwa na kifungio chake. Mteja akishanunua lenzi kadhaa, huwa vigumu kwake kuhamia kwa mshindani. Kiwango cha pamoja huondoa kizuizi hicho. Mnamo Septemba 2018, jijini Cologne, Leica ilitangaza kuwa kifungio cha L, ilichokizindua mwaka 2014, kingetumiwa pia na Panasonic na Sigma za Japani.

Faida ni bayana: kampuni ndogo haiwezi kuunda lenzi za kila aina peke yake. Hatari ya kwanza, hata hivyo, imo katika faida hiyohiyo. Mlango waliofunguliwa wageni ndio huohuo wanaoweza kutokea wenyeji. Mwenye lenzi za Leica aweza kununua kamera ya Panasonic kwa bei nafuu, na mwenye kamera ya Leica akanunua lenzi ya Sigma.

Hatari ya pili ni kufanana. Mwaka 2006, chini ya kiwango cha Four Thirds kilichoasisiwa na Olympus na Kodak, Leica ilitoa Digilux 3, iliyokuwa pacha wa Panasonic L1 ila kwa bei ya juu zaidi. Mnunuzi alikuwa na haki ya kuuliza: analipia kazi au jina?

Hatari ya tatu ni kutegemea maamuzi ya wenzi. Mwaka 2008 Olympus na Panasonic zilitangaza kiwango kingine, Micro Four Thirds, chenye kamera ndogo zaidi. Kile cha awali kikafifia, na Digilux 3 ikabaki kamera pekee ya Leica katika kiwango hicho.

Pengine ndiyo sababu Leica haikutia mali yake yote shirikani: kamera za M, zilizoanza mwaka 1954, zimebaki na kifungio chao nje ya muungano. Kizuri chajiuza, lakini shirikani, palipo na vingi vinavyolingana, sharti uzuri wenyewe uonekane. Jina pekee halitoshi.