Waliosoma pamoja wasingoje kukutana makaburini

Kwa wanaume wengi wa Mombasa waliomaliza chuo miaka thelathini au arubaini iliyopita, mkutano wa kwanza wa darasa lao hufanyika Kikowani. Hakuna aliyeuandaa. Mwenzao amefariki, habari imepita simu kwa simu, na baada ya maziko wazee watatu au wanne wanabaki nje ya ukuta wa makaburi wakitazamana. Mmoja anamtambua mwenziwe kwa sauti, mwingine kwa mwendo. Wanapeana namba za simu, na kila mmoja anaondoka akisema kwamba lazima wakutane. Mkutano wa pili huwa ni maziko mengine.

Kwa wanawake mambo ni magumu zaidi. Wao hawaendi makaburini, basi hukutana kwenye nyumba ya msiba, ikiwa habari imewafikia. Aliye eda hatoki. Aliyeolewa mji mwingine hupata habari wiki mbili baadaye.

Waswahili tunasema milima haikutani, wanadamu hukutana. Ni kweli, lakini methali hiyo haikusema watakutana lini wala nani atapiga simu ya kwanza. Makala haya yanaeleza kwa nini waliosoma pamoja hupoteana, kwa nini hutafutana wakati wamekwisha kuzeeka, na ni jambo gani hasa huvunja makundi yao baada ya kuonana.

Chuo kimoja, majina matano

Tuchukue chuo kinachojulikana na kila mtu hapa, kile cha Tudor. Kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951 kikiitwa Mombasa Institute of Muslim Education, na watu wa mji wakakifupisha kuwa MIOME. Miongoni mwa waliotoa fedha za kukijenga walikuwa Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamaa wa Bohora. Kusudi lake lilikuwa kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi, basi wanafunzi wake hawakuwa wa Mombasa peke yake.

Mwaka 1966 kikawa Mombasa Technical Institute, chuo cha Wakenya wote bila kujali dini. Mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic. Mwaka 2007 kikapandishwa na kuwa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili, Technical University of Mombasa.

Maana yake ni kwamba watu waliokaa katika uwanja mmoja wana vyeti vyenye majina tofauti. Mzee wa MIOME na kijana aliyehitimu juzi wamepita lango moja, lakini wakikaa kwenye gari moja kwenda Kisauni hawatajua kwamba wana chuo kimoja. Kuna nchi ambako chuo chenyewe ndicho kinachowaita wahitimu wake kila mwaka na kuwatunzia anwani zao. Hapa kwetu kazi hiyo mara nyingi huachiwa wahitimu wenyewe. Darasa lisipojitunzia orodha yake, huenda hakuna mwingine atakayeitunza.

Walipotelea wapi?

Kabla ya simu za mkononi, anwani ya mtu ilikuwa sanduku la posta, na mara nyingi sanduku hilo lilikuwa la mwajiri. Aliyeajiriwa bandarini au reli aliandikiwa kwa sanduku la bandari au la reli. Akihamishwa, barua zinamsubiri mahali ambapo hayupo. Akiachishwa kazi, anwani inakufa.

Na mambo yaliyowahamisha watu wa Pwani hayakuwa madogo. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yaliwatawanya watu, wengine wakaja Mombasa, wengine wakaishia Uarabuni na Uingereza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mashirika ya pamoja yaligawanywa, na wafanyakazi waliokuwa wakihamishwa kutoka Mombasa hadi Dar es Salaam au Kampala wakarudi kila mmoja kwao. Kisha wakaja wale waliokwenda kutafuta riziki Saudia, Oman, Dubai na Qatar. Miaka ya 1990 mashirika ya umma yalipunguza wafanyakazi, na mtu aliyekuwa akipatikana ofisini kila siku akarudi Lamu, Kilifi au Kwale bila kumwambia mtu.

Juu ya hayo kuna maisha yenyewe. Kati ya miaka 25 na 50 mtu ana watoto wa kusomesha, wazazi wa kuuguza na nyumba ya kujenga. Hakuwasahau wenziwe, ila hakuwa na nafasi. Ndiyo maana makundi mengi ya waliosoma pamoja huanza kutafutana watu wakikaribia kustaafu, au wakishastaafu. Watoto wameondoka nyumbani, asubuhi ni ndefu, na simu iko mkononi.

Namna ya kuwatafuta

Kosa la kawaida ni kuanza kwa kuunda grupu la WhatsApp na kumtia kila aliyepatikana. Grupu linajaa watu 15 wa mtaa mmoja ambao walikuwa wakionana hata hivyo, na wale waliopotea hubaki wamepotea.

Anza kwa karatasi. Kaeni watu watatu au wanne mkumbuke darasa zima kwa mpangilio wa madawati au wa vitanda vya bweni. Kumbukumbu ya mahali husaidia kuliko kumbukumbu ya majina. Andikeni na majina ya utani, kwa sababu ndiyo yaliyobaki vichwani. Pwani hii ina akina Mohamed Ali na akina Fatuma Salim wasiohesabika, lakini yule aliyeitwa kwa jina la samaki au la mchezaji wa mpira alikuwa mmoja tu.

Kila jina lipewe mtu wa kulifuatilia, na afuatilie kupitia mtaa. Mtu wa Kuze ataulizwa Kuze, wa Likoni ataulizwa Likoni. Mwenye duka wa zamani, msikiti, kanisa, baraza ya kahawa: hapo bado kuna watu wanaojua mtoto wa fulani alihamia wapi. Ukipata namba, mpigie kwanza na umwombe ruhusa kabla ya kumtia kwenye grupu. Hilo ni adabu, tena tangu mwaka 2019 Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu. Na orodha ya wazee wenye namba za simu na pensheni ni kitu ambacho matapeli wangefurahi sana kukipata.

Orodha inayofukuza watu

Sasa tuje kwenye jambo linalouma. Makundi mengi hayavunjwi na ugomvi. Huvunjwa na mchango.

Mnajua inavyokwenda. Mwenzetu amelazwa, au binti wa mwenzetu anaolewa, au kuna chakula cha kukutana. Mtu mmoja anaandika orodha: namba moja fulani elfu mbili, namba mbili fulani elfu moja, namba tatu fulani ameahidi. Kila anayetoa ananakili orodha, anaongeza jina lake na kuirudisha. Kufikia jioni grupu zima linajua nani ametoa nini, na linajua vilevile nani hajatoa.

Yule ambaye hajatoa si lazima awe bahili. Pengine alifutwa kazi miaka hiyo ya 1990 na hakuinuka tena. Pengine anaishi kwa mtoto wake na hata pesa za simu hupewa. Aliingia kwenye grupu kwa furaha, akasikia sauti za wenziwe, akatumiwa picha yake akiwa kijana mwembamba. Mwezi wa pili orodha tatu zimepita bila jina lake. Mwezi wa tatu tunagundua kwamba ametoka kwenye grupu, na mtu anaandika kwamba huyu tangu chuoni alikuwa na maringo.

Huyo ndiye hasa aliyehitaji wenziwe. Tumemtafuta miaka mingi kisha tumemfukuza kwa wiki chache, na hakuna aliyekusudia.

Wapo watakaosema kwamba bila orodha ya wazi hakuna uaminifu, kwamba pesa za watu zimeliwa mara nyingi kwa kisingizio cha siri. Hoja hiyo ina uzito. Lakini uwazi unaohitajika ni wa pesa zilizoingia na zilizotoka. Majina ya waliotoa hayahitajiki. Mweka hazina apokee michango kwa M-Pesa. Watu wawili waliochaguliwa wakague taarifa ya simu hiyo pamoja naye kila baada ya shughuli. Kisha grupu litangaziwe jumla tu: zimeingia kiasi hiki, zimetumika hivi, zimebaki hivi. Aliyetoa elfu tano na aliyetoa mia wote wanasoma tangazo lile lile.

Pia fungu la msiba na maradhi litengwe na fungu la karamu. Mtu anaweza kuwa na uwezo wa kuchangia sanda asiwe na uwezo wa kuchangia biriani, na yote mawili yakiwekwa pamoja ataacha yote mawili. Makundi yanayotaka kuweka akiba kubwa, kukopeshana au kufungua akaunti ya benki ni bora yajisajili chini ya sheria ya vikundi vya kijamii ya mwaka 2022, yawe na katiba na viongozi wanaojulikana. Lakini yasifanye uanachama wa chama hicho kuwa sharti la kuwa mwanadarasa. Chama mtu hujiunga na kutoka. Darasa halitokwi.

Siku ya kukutana

Wengi hufikiri mkutano lazima uwe hotelini Nyali, na kwa fikira hiyo unaahirishwa miaka mitano. Ua wa nyumba ya mmoja wao unatosha, viti vya kukodi, mpishi wa mtaa, mahamri na mbaazi asubuhi au wali mchana. Watu 30 wakitoa shilingi 500 kila mmoja ni shilingi 15,000, na wenye uwezo wanaweza kujaza pengo kimya kimya. Mkutano uwe mchana ili wazee warudi kwao kabla ya giza, na nyakati za sala ziheshimiwe. Wanawake wakipenda kukaa upande wao, waandaliwe mahali pazuri, pasiwe kando ya jikoni. Anayekuja kutoka Nairobi kwa treni aambiwe tarehe miezi miwili mbele. Aliye Muscat au London apigiwe simu ya picha wakati watu wameshakaa, mara moja, asalimie wote.

Jambo moja lisisahauliwe: wagonjwa. Kila darasa la umri huo lina mmoja aliyepigwa na kiharusi, mmoja asiyeona, mmoja anayesafishwa damu hospitalini mara mbili kwa wiki. Asiyeweza kuja afuatwe. Watu watatu kwenda kumtembelea Changamwe kwa saa moja ni mkutano wa darasa kama ule mwingine.

Kinachobaki

Faida ya haya yote si kula pamoja tu. Waliostaafu wana kitu ambacho wanafunzi wa leo wanakihitaji sana, yaani watu wanaowajua. Kijana anayesomea umeme Tudor leo anatafuta mahali pa kufanyia mazoezi ya kazi, na anazunguka na barua yake kutoka ofisi hadi ofisi. Darasa la zamani ambalo lina fundi mkuu mstaafu, mwenye karakana na aliyekuwa meneja bandarini linaweza kumfungulia mlango kwa simu moja.

Na kuna watoto wa waliotangulia. Mtoto humjua baba kama mtu mzima, mchovu, mwenye madeni na maagizo. Wenziwe wa chuo ndio waliobaki wanaomjua akiwa na miaka 20, aliyekuwa na mbio uwanjani na mwoga wa mtihani wa hesabu. Wakiondoka wao, kijana yule ameondoka mara ya pili.

Aliyeingia chuo hicho mwaka 1972 akiwa na miaka 20 amezaliwa 1952. Wa MIOME ni wakubwa kuliko yeye. Katika kabati za nyumba nyingi za Mombasa zimo picha za madarasa yao, safu tatu za vijana wenye mashati meupe, na nyuma ya picha hakuna kitu. Mwaka huu, kabla ya karamu na kabla ya katiba, picha hizo zitolewe. Wakae wawili wenye kumbukumbu na kalamu ya risasi, waandike nyuma: safu ya mbele kutoka kushoto, jina, jina la utani, mtaa. Wasipomkumbuka mtu waache nafasi yake wazi, kisha waanze kuuliza. Hiyo nafasi wazi ndiyo simu ya kwanza ya kupigwa.