Kufufua Injini ya Kale (3): Bolti za Stendi Huchaguliwa kwa Nyuzi

Katika toleo lililopita tuliishia injini ikining'inia kwenye mnyororo wa winchi, gia boksi imeshavuliwa, klachi na flaiwili vimewekwa pembeni. Leo tunaifunga kwenye stendi. Mfano wetu ni ule ule: V8 ndogo ya Chevrolet, injini iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1955 na ambayo wapenzi wa magari ya kale nchini humo wanaifufua hadi leo. Ikiwa kamili, pamoja na vichwa vyake vya chuma, ina uzito wa karibu kilo 260. Uzito wote huo utabebwa na bolti nne zinazoingia mgongoni mwa bloku, kwenye matundu yale yale yaliyoshika ganda la klachi.

Mteja akifika dukani, swali lake la kwanza huwa ni bolti ipi ngumu kuliko zote. Swali hilo linatanguliza kisichostahili kutangulia, na hesabu ndogo inatosha kulionyesha. Tuseme kitovu cha uzito wa injini kiko sentimita 25 mbele ya uso wa nyuma wa bloku, na bolti za juu zimeachana na za chini kwa sentimita 20. Injini inataka kuinamia mbele, kwa hiyo bolti mbili za juu zinavutwa kwa nguvu ya kama kilo 325, yaani kilo 160 na ushei kila moja. Bolti ya inchi 3/8 ya daraja la 5, ile yenye mistari mitatu kichwani, inavumilia mvuto wa karibu kilo 3,000 kabla haijaanza kurefuka bila kurudi. Ya daraja la 8, yenye mistari sita, inavumilia zaidi ya hapo. Ugumu upo wa kutosha na kubaki. Hatari iko kwingine: kwenye nyuzi zisizolingana, nyuzi zilizoshika kidogo mno, na mkono wa stendi usiokandamizwa sawasawa kwenye bloku.

Tuanze na kulingana. Matundu ya nyuma ya V8 hiyo ni ya inchi 3/8, nyuzi 16 kwa kila inchi, kipimo cha UNC. Maduka yetu ya vifaa, Dar es Salaam hata Nairobi, yamejaa bolti za milimita, na inayofanana nayo kwa macho ni ya milimita 10. Zinafanana kwa macho tu. Inchi 3/8 ni milimita 9.5, na hatua kati ya uzi na uzi ni milimita 1.59, ilhali ya milimita 10 ya kawaida ina hatua ya 1.5. Ukiilazimisha kwa spana ndefu itaingia, lakini itakuwa inakata chuma cha bloku ambacho hakirudi tena. Spana nayo itakuambia: kichwa cha bolti ya 3/8 kinataka spana ya 9/16, ya 14 haiingii, ya 15 inacheza.

Jina la kampuni halitakusaidia kitu hapa. V8 ya Chevrolet ya familia ya LS, iliyoingia kwenye Corvette ya mwaka 1997, inatumia bolti za milimita 10. V8 ndogo ya Ford, kama ile ya inchi za ujazo 302, inataka inchi 7/16, nyuzi 14. Na mwenye Land Rover ya miaka ya mwanzo ajihadhari zaidi, maana nyuzi za Kiingereza za enzi hizo zina pembe ya digrii 55, wakati za UNC zina digrii 60. Bolti ya 3/8 ya nyuzi hizo za Kiingereza, ziitwazo Whitworth, nayo ina nyuzi 16 kwa inchi, hivyo inaingia vizuri kwenye tundu la UNC na kumdanganya fundi, kumbe nyuzi zinagusana sehemu tu.

Kipimo cha kwanza ni vidole, ingawa hakitaifichua hiyo ya Whitworth. Safisha tundu, litoe mafuta yote, kisha zungusha bolti kwa vidole bila mkono wa stendi. Ikikwama baada ya mizunguko michache, itoe. Usafi huo una sababu nyingine pia: mafuta yakibaki chini ya tundu lisilotokeza upande wa pili hayana pa kwenda, na bolti inayoyasukuma inaweza kupasua bloku.

Sasa urefu, na hapa ndipo ninapoomba utulivu wako wote, msomaji. Katika chuma cha kusubu, nyuzi zinazoshika zifike angalau mara moja na nusu ya unene wa bolti. Kwa 3/8 ni kama milimita 14. Pima kina cha nyuzi kwa waya mwembamba au venia kalipa. Tuseme umepata milimita 22, bomba la mkono wa stendi lina milimita 75, na washa nene ni 3. Bolti ya inchi 3¾ ina milimita 95: ukitoa 78, zinabaki 17 ndani ya bloku. Hiyo ndiyo yako. Ya inchi 4 ingetaka kuingia zaidi ya milimita 23, kwa hiyo ingegota chini ya tundu ikiwa mkono bado haujabanwa. Spana ingekuambia imekaza, na injini ingekuwa inacheza. Kila utakapoizungusha bolti itapinda huku na huku, na kupinda huko ndiko kunakokata bolti ngumu na laini.

Usitumie fimbo ya nyuzi iliyokatwa kwa msumeno. Nyingi ni chuma laini kisicho na alama. Washa iwe nene na ngumu, kwa kuwa tundu la mkono mara nyingi ni kubwa kuliko bolti. Chagua matundu manne yaliyoachana zaidi, na bomba la katikati la stendi liwe karibu na mstari wa krankshafti au juu yake kidogo, injini isiwe nzito kugeuza. Kaza kwa spana ya kipimo, futi-paundi 30 hadi 35.

Usilegeze mnyororo wa winchi mara moja. Ushushe kidogo kidogo huku ukiangalia mahali mikono inapokutana na bloku. Ukiona mwanga ukipenya hapo, pandisha injini tena na upime upya bolti zote nne. Toleo lijalo tutaanza kufungua vichwa.