Wati Tano na Waya Mmoja Katika Uwanda wa Kitengela

Redio ya ridhaa ya nguvu ndogo ni mawasiliano ya mbali yanayofanywa kwa mtambo usiozidi wati 5 unapotuma msimbo wa Morse, au wati 10 unapotuma sauti. Wanaredio wa ridhaa duniani hukiita kiwango hicho QRP, herufi zilizotoka katika vifupisho vya kale vya watuma telegrafu. Mtambo wa kawaida wa nyumbani hutoa wati 100, na zipo nchi zinazoruhusu zaidi ya hapo kwa mbali. Anayetumia wati 5 basi ana sehemu moja ya ishirini ya nguvu ya jirani yake, nguvu inayotosha kuwasha balbu moja ndogo ya LED na si zaidi. Hata hivyo sauti yake huweza kusikika Ulaya, Asia na Afrika Kusini akiwa amekaa chini ya mgunga nje kidogo ya mji wa Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, Kenya.

Ushahidi wa jambo hilo upo Kenya kwenyewe. Karibu na Nairobi kuna kituo cha majaribio chenye alama ya wito 5Z4B, kinachotunzwa na Amateur Radio Society of Kenya, chama cha wanaredio wa ridhaa nchini. Kituo hicho ni kimojawapo cha 18 vilivyotawanywa duniani chini ya mradi wa pamoja wa Northern California DX Foundation na muungano wa kimataifa wa wanaredio wa ridhaa. Vituo hivyo hupokezana zamu: kila kimoja hutuma kwa sekunde 10, na baada ya dakika 3 duru huanza upya. Masafa ni yale yale kwa vituo vyote, yaani megahezi 14.100, 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200. Zamu ikifika, kituo hutaja alama yake ya wito kwa Morse, kisha hutoa milio minne mirefu, kila mmoja wa sekunde moja. Mlio wa kwanza hutoka kwa wati 100, wa pili kwa wati 10, wa tatu kwa wati 1, na wa nne kwa sehemu moja ya kumi ya wati.

Ni mpango wa busara sana, kwa kuwa hauhitaji maelezo marefu. Msikilizaji wa Ujerumani au wa India anayesikia mlio wa tatu wa 5Z4B amekwisha kujua kwamba wati 1 kutoka viunga vya Nairobi inamfikia saa hiyo, na kwamba wati 5 zitamfikia kwa nafasi zaidi. Naye aliyeko Kitengela hufanya vivyo hivyo kwa upande wake. Hutega sikio kwenye megahezi 14.100, asikilize 4S7B ya Sri Lanka, ZS6DN ya Afrika Kusini au OH2B ya Finland, na kuhesabu ni milio mingapi iliyofika. Ikifika mitatu, njia ya upande huo iko wazi kwa mtambo mdogo. Ukifika mmoja tu, na huo kwa kunong'ona, afadhali abadili masafa au asubiri jioni.

Hesabu ya desibeli hueleza kwa nini nguvu ndogo haimwangushi mtu kama inavyodhaniwa. Kushuka kutoka wati 100 hadi wati 5 ni kupoteza desibeli 13. Kipimo cha ukubwa wa mawimbi kilichomo ndani ya redio za kupokea hupanda kwa hatua za desibeli 6, hivyo hasara yote hiyo ni hatua mbili na ushei kati ya tisa. Mawimbi yaliyokuwa yakifika kwa kishindo yatafika kwa upole, lakini yatafika. Yanayopotea ni yale yaliyokuwa tayari ukingoni. Na antena mbaya, kebo iliyoingia maji au mahali penye kelele huweza kula desibeli hizo 13 bila mtu kujua, hata akiwa na mtambo wa wati 100. Ndiyo maana anayefuata njia ya nguvu ndogo hutumia fedha na fikira zake kwenye waya, mahali na saa.

Mawimbi ya masafa haya husafiri mbali kwa kupindwa na ionosfia, tabaka la hewa ya juu lililochajiwa umeme na miale ya jua. Mji wa Kajiado uko chini ya nyuzi 2 kusini mwa ikweta. Jua huwa karibu na utosi mwaka mzima, na ionosfia ya ukanda huu ni nzito kuliko ile ya Ulaya au Kanada. Kwa sababu hiyo masafa ya juu, megahezi 21 na 28, hubaki wazi hapa siku nyingi ambazo wanaredio wa kaskazini hawasikii kitu. Hali huwa nzuri zaidi madoa ya jua yanapoongezeka katika mzunguko wake wa takriban miaka 11. Oktoba 2024 mashirika ya Marekani ya NASA na NOAA yalitangaza kwamba jua lilikuwa limefika kipindi cha kilele.

Jua hilo hilo lina adhabu yake. Mchana wa saa sita, tabaka la chini la ionosfia humeza mawimbi ya masafa ya chini, na megahezi 7 hufifia vibaya kwa mwenye wati 5. Masafa hayo hufaa asubuhi, alasiri na usiku. Megahezi 14 huamka vizuri kuelekea Ulaya kuanzia kama saa kumi alasiri hadi saa mbili au tatu usiku, na huo ndio wakati ambao mgeni katika uga huu anaweza kuanza nao bila kukata tamaa. Majira ya mvua, ya masika na ya vuli, huleta milipuko ya radi za mbali inayosikika kama mikwaruzo, na masafa ya chini ndiyo huumia zaidi.

Kelele za radi ni za msimu, lakini zile zinazotengenezwa na watu hazina likizo. Kitengela imekua haraka kutoka kituo cha barabarani hadi mji wa maghorofa, na kila nyumba mpya huja na taa za LED, chaja, kamera za ulinzi na inveta za sola. Vifaa vya bei rahisi vya aina hii humwaga uchafu wa umeme kwenye masafa ya redio. Ziko pia fensi za umeme, ambazo katika mashamba na mitaa ya Kitengela ni nyingi ajabu: nyaya zake zikigusa majani au kihami kilichopasuka, kila mpigo hutoa cheche, na cheche hiyo husikika redioni kama saa ya ukutani isiyonyamaza. Anayesikiliza mawimbi dhaifu hawezi kuvumilia hayo. Dawa ni kuondoka. Kilomita chache kusini kwa barabara ya Namanga, katikati ya Kitengela na Isinya, bado kuna viwanja vilivyo wazi, mradi mtu akae mbali na kituo kikubwa cha umeme cha Isinya na nyaya za msongo wa juu zinazokutana hapo. Upande wa magharibi wa kaunti, Corner Baridi kwenye barabara ya Magadi hutazama Bonde la Ufa kutoka juu, na vilima vya Ngong hupanda hadi karibu mita 2,460. Ardhi ya Kajiado ina wenyewe hata pale pasipo na uzio, na ruhusa huombwa kwanza.

Antena rahisi kuliko zote ni ile ya nusu wimbi iliyokatwa katikati. Urefu wake kwa mita hupatikana kwa kugawanya 143 kwa masafa ya megahezi. Kwa megahezi 14.060, ambako watumiaji wa nguvu ndogo hukutana kwa Morse, jibu ni mita 10.2, yaani vipande viwili vya mita 5.1 kila kimoja, vikiunganishwa na kebo katikati. Kwa 21.060 ni mita 6.8 zote pamoja, na kwa 7.030 ni mita 20.3. Waya wa spika unaouzwa katika maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, au hadiwea yoyote ya Kitengela unatosha. Hukatwa ukiwa mrefu kidogo, kisha hupunguzwa sentimita chache kila upande hadi kipimo kionyeshe kwamba nguvu inayorudi mtamboni ni ndogo kabisa.

Kazi ngumu ni kuupandisha. Uwanda huu wa Athi na Kapiti una miti michache, na mingi ni migunga mifupi yenye miiba inayonasa waya na kutoachia. Wanaredio hubeba mlingoti wao: ufito wa faiba unaochomozana kama ule wa wavuvi, wenye urefu wa mita 7 hadi 10, au mwanzi, au mabomba ya plastiki ya umeme yaliyounganishwa. Mlingoti mmoja hushika katikati ya waya, na ncha mbili hushushwa hadi karibu na ardhi kwa kamba za nailoni, umbo likawa kama paa la nyumba. Ncha zisiachwe mahali ambapo ng'ombe, punda au mtoto anaweza kuzigusa, kwa kuwa volti huwa kubwa zaidi hapo hata kwa wati 5. Kitambaa chekundu kwenye kila kamba huokoa waya na mifugo pia.

Kimo huamua mawimbi yanakwenda wapi. Waya wa megahezi 14 uliolala mita 10 juu ya ardhi hutupa nguvu zake nyingi kwa mwinuko wa nyuzi 30 hivi, mwinuko unaofaa safari za mbali. Waya huo huo ukiwa mita 5 hupeleka nguvu nyingi moja kwa moja angani. Kimo kidogo ni hasara kwa anayetafuta Ulaya, lakini ni faida kwa anayetaka Mombasa, Kisumu au Arusha kwa waya wa megahezi 7, kwa sababu mawimbi hupanda, hupinduliwa na kushuka kote kwa mamia ya kilomita. Mwelekeo nao una maana. Waya hutoa nguvu zaidi ubavuni kuliko nchani, na London iko kaskazini-magharibi kwa upande wa kaskazini, umbali wa kama kilomita 6,800. Waya uliovutwa takriban mashariki hadi magharibi huielekea vizuri.

Waya unaolishwa nchani hupendwa zaidi na wasafiri, maana hauhitaji kebo nzito kuning'inia katikati. Ncha ya nusu wimbi ina ukinzani mkubwa wa maelfu ya omu, na hushushwa hadi omu 50 kwa transfoma ndogo ya pete ya feraiti, mizunguko 2 upande wa redio na 14 upande wa waya. Waya wa mita 20 hivi uliokatwa kwa megahezi 7 hufanya kazi pia kwenye 14, 21 na 28 bila kubadilishwa. Kwa mtu wa mlingoti mmoja na begi la mgongoni, hii ndiyo antena bora. Antena ya wima ya robo wimbi, mita 5.1 kwa megahezi 14, hutupa mawimbi chini sana kuelekea upeo, lakini hudai nyaya kadhaa za kutandazwa ardhini. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa uwanda huu hupitisha umeme vizuri ukiwa na unyevu; wakati wa kiangazi hukauka na kupasuka, na nyaya za ardhini huhitajika zaidi.

Umeme wa kutumia ni suala dogo. Redio ya Morse ya wati 5 hula kama ampea 1 inapotuma na chini ya ampea 0.2 inaposikiliza. Yaesu FT-817, iliyotokea mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuwafungulia wengi mlango wa kutembea na redio, hufika ampea 2. Betri ya lithiamu ya volti 12 yenye ampea-saa 3 hadi 6 hudumu alasiri nzima, hata ile ya bodaboda hufaa, na jua la Kajiado hujaza betri kwa paneli ndogo. Ziko pia redio za kujiunganishia kwa hauya, kama QCX ya QRP Labs iliyotolewa mwaka 2017, ambayo humfundisha mwenye kuijenga kila sehemu ya mtambo wake.

Morse bado ni njia ya kutegemewa kwa nguvu ndogo, kwa kuwa hukusanya nguvu yote katika mlio mwembamba. Kompyuta imeongeza njia nyingine. Joseph Taylor, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993, alitoa programu ya WSPR mwaka 2008. WSPR hutuma alama ya wito, mahali na nguvu kwa muda unaokaribia dakika mbili, na hupokelewa hata pale sikio lisiposikia chochote. Mwaka 2017 yeye na Steven Franke walileta FT8, yenye zamu za sekunde 15, ambayo sasa hubeba sehemu kubwa ya mawasiliano ya wanaredio wa ridhaa.

Yote haya huhitaji leseni. Nchini Kenya hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na kutuma bila leseni ni kosa hata kwa sehemu ya wati. Alama za wito za wanaredio wa Kenya kwa kawaida huanza na 5Z4. Kabla ya uhuru zilianza na VQ4. Tanzania ina 5H na Uganda 5X. Nyaya zisirushwe kamwe karibu na laini za umeme, na radi ikisikika antena hutolewa redioni na kushushwa mara moja, kwani katika uwanda ulio wazi mlingoti ndio kitu kirefu kuliko vyote.

Kila mawasiliano huandikwa daftarini: alama za wito, masafa, nguvu na saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa ya Kenya kwa saa tatu. Mahali hutajwa kwa mfumo wa miraba ya dunia. Kitengela, Isinya, mji wa Kajiado na Magadi ziko ndani ya mraba wa KI88, ilhali Namanga, Amboseli na Loitokitok, zilizo kusini zaidi ya nyuzi 2, ziko KI87.