UZI: "Tutaleta mtaalamu afufue uchumi." Sawa, lakini ni mtaalamu gani, na ataacha nini?

1. Ukifuatilia midahalo ya siasa hapa kwetu, kuna ahadi ambayo haikosi kila tukitoka kwenye msukosuko. Upande mmoja unasema: "Tutaajiri wataalamu waje warekebishe." Upande wa pili unajibu: "Hao ni marafiki zenu mnawatafutia mlo." Watu wanapiga makofi, mdahalo unaisha, na hakuna aliyetueleza huyo mtaalamu anakuja kufanya nini hasa. Leo tukae hapo. Sitaji mwanasiasa wala chama, kwa hivyo msinitafutie maneno huko chini.

2. Nianze nyumbani. Mjomba wangu ni seremala. Mwaka 2019 alipewa oda ya viti na meza za chekechea na kaunti moja, siitaji. Akakopa kwa sacco, akanunua mbao, akapeleka mzigo, akasainiwa. Kisha korona ikaingia. Pesa yake ilitoka 2023. Kufikia hapo alikuwa ameachisha vijana wawili kazi na kuuza mashine yake ya kuranda.

3. Nilipomweleza kwamba chuoni tunasoma kuhusu wataalamu wa mageuzi ya sekta ya umma, aliniangalia kidogo halafu akauliza: "Sasa huyo mtu angekuwepo, pesa yangu ingetoka mapema?" Sikuwa na jibu siku hiyo. Uzi huu ni jaribio la kumjibu.

4. Kwanza, kazi yenyewe. Mtaalamu wa sekta ya umma si lazima awe mchumi wa kubashiri bei ya dola. Yeye anashughulika na mashine ya serikali: bajeti inageukaje kuwa malipo, orodha ya mishahara ina wafanyakazi hewa wangapi, zabuni zinatolewaje, mashirika ya serikali yana madeni gani, na karatasi moja inalala kwenye meza ngapi kabla mtu alipwe. Ni kazi ya kuchosha, haina utepe wa kukata.

5. Kwa nini anatafutwa baada ya msukosuko? Kwa sababu wakati wa dharura serikali hutumia pesa kwa haraka, hununua kwa njia za mkato, na huahirisha kulipa wauzaji wadogo. Mwaka 2020 uchumi wetu ulinywea. Mei mwaka huo serikali ikatangaza mpango wa kuinua uchumi wa shilingi bilioni 53.7. Pesa kama hizo hupitia bomba lile lile la zamani. Ukiongeza maji kwenye bomba linalovuja, unalowesha barabara tu.

6. Sasa, "tumeajiri mtaalamu" inaweza kumaanisha mambo manne tofauti kabisa. Hapa ndipo wanasiasa hutuchanganya, wakati mwingine makusudi:

a) Mtumishi wa umma wa kawaida, anayepitia Tume ya Utumishi wa Umma. Kifungu cha 232 cha Katiba kinataka ushindani wa haki na ustahili.

b) Mshauri, mtu au kampuni, anayepatikana kwa zabuni. Hapo ni Kifungu cha 227 na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015.

c) Mtaalamu ndani ya mradi unaofadhiliwa kutoka nje. Mara nyingi anaajiriwa kwa taratibu za mkopeshaji.

d) Mfanyakazi wa shirika lenyewe, mfano Benki ya Dunia, anayekaa Nairobi na kufanya kazi na wizara. Huyu si mwajiriwa wa serikali yetu. Bosi wake yuko kwenye shirika lake.

7. Tofauti hizo zina uzito gani? Angalia (c). Utasikia kwenye mdahalo: "Msiwe na wasiwasi, analipwa na wafadhili." Pole pole hapo. Kama mradi ni wa msaada, sawa. Kama ni wa mkopo, basi mshahara wake ni sehemu ya deni, na deni hilo tunalilipa mimi na wewe kupitia kodi zetu. Swali la kwanza la kuuliza: ni msaada au ni mkopo?

8. Na (d)? Huyo hatulipi moja kwa moja, lakini pia hatuna mamlaka ya kumwita kujieleza jinsi Bunge linavyomwita katibu wa wizara. Ushauri wake unaweza kuwa mzuri sana. Ila ukigeuka kuwa sera na ikatuumiza, anayewajibika ni waziri aliyekubali. Kwa hivyo mwanasiasa akisema "tuliambiwa na wataalamu," hajajibu swali. Wataalamu hawapigiwi kura.

9. Haya si mapya Kenya. Wengi wetu kwa huu mtandao hatukuwa tumezaliwa, au tulikuwa tunanyonya, kwa hivyo wacha tukumbushane. Mwaka 1997 IMF ilisimamisha mkopo wake kwetu kwa sababu ya masuala ya utawala na ufisadi. Kukawa na mvua za El Niño, baadaye kiangazi, na mwaka 2000 umeme ukawa wa mgao. Uchumi ukakwama.

10. Julai 1999 serikali ikaingiza watu kutoka benki, kampuni binafsi na mashirika ya kimataifa, ikawapa nafasi za juu, pamoja na ukuu wa utumishi wa umma na makatibu wa wizara. Magazeti yakawabatiza "timu ya ndoto." Walilipwa zaidi ya wenzao wa cheo kile kile, na wafadhili walisaidia kulipa. Unaweza kuwaza minong'ono kwenye ofisi za jirani.

11. Walifanya nini? Katikati ya 2000 IMF na Benki ya Dunia zikaanza kukopesha tena. Utumishi wa umma ukapunguzwa, maelfu ya watu wakaenda nyumbani. Kama mzazi wako alikuwa mmoja wao, huo "ufufuaji" una maana nyingine kabisa mezani kwenu. Sisemi haya kuwalaumu. Nasema kila mageuzi yana mtu anayeyalipia, na mara nyingi si yule aliyeyaandika.

12. Kisha Desemba 2000 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mamlaka ya kupambana na ufisadi ya wakati huo iliundwa kinyume na Katiba. Mikopo ikakwama tena. Kufikia Machi 2001 kiongozi wa timu ile alikuwa ameondoka. Miezi 20 hivi, basi. IMF haikurudi na mpango mpya hadi mwisho wa 2003, tukiwa na serikali nyingine.

13. Nikiisoma historia hiyo, mimi sioni kwamba wataalamu hawafai. Ninachoona ni kwamba kilichosimama juu ya mtu kiliondoka na mtu. Tume ya kupambana na ufisadi tuliyo nayo leo inatokana na Kifungu cha 79 cha Katiba ya 2010. Unaweza kuilaumu utakavyo, lakini huwezi kuifuta kwa kumwachisha mtu mmoja kazi.

14. Mfano wa karibu: Julai 2024, baada ya maandamano ya mswada wa fedha, kikosi kazi kiliundwa kukagua deni la taifa. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikakisimamisha. Hoja ya waliokwenda kortini: kazi hiyo tayari ina mwenyewe, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, kwa Kifungu cha 229. Kwa hivyo swali la pili: kazi hii haina mwenyewe tayari? Na kama anaye, tatizo ni ujuzi au amenyimwa pesa na nguvu?

15. Hapo nikubaliane kidogo na wanaotetea kuajiri. Kuna maofisa wizarani wanaojua tatizo hadi tarakimu ya mwisho, lakini hawawezi kulisema kwa sababu wanayemsema ndiye anayesaini likizo yao. Mtu wa nje anaweza kusema. Pia kuna ujuzi ambao kweli haupo, mfano kuunganisha mifumo ya malipo ya ofisi nyingi. Kupinga kila mtaalamu eti kwa sababu tuna wahitimu wengi bila kazi (nami niko njiani kujiunga nao) ni hoja tamu, lakini nusu.

16. Nusu nyingine iko kwenye karatasi inayoitwa hadidu za rejea. Hiyo ndiyo inayosema mtaalamu anafanya nini, kwa muda gani, na anakabidhi nini. Linganisha:

Mbovu: "Kuishauri serikali kuhusu ufufuaji wa uchumi."

Nzuri: "Ndani ya miezi 12, kuorodhesha madeni yote ya wauzaji kwa umri wa ankara, kuweka utaratibu wa kulipa ya zamani kwanza, orodha ichapishwe kila robo mwaka, na maofisa wanne wa hazina wafundishwe kuiendesha."

Ya kwanza mtu anaweza kulipwa miaka mitano bila kukosea, kwa sababu hakuna alichoahidi. Ya pili, mwezi wa 13 tunajua.

17. Umeona hao maofisa wanne? Hilo ndilo swali la tatu: akiondoka, nani anabaki na kazi? Kama jibu ni "tutaongeza mkataba wake," basi tumekodisha, hatujajenga.

18. Mjomba, jibu lako ndilo hili. Huyo mtu angekuja na karatasi ya kwanza, ungelipwa 2023 vilevile, na kungekuwa na ripoti nzuri yenye picha. Angekuja na ya pili, na kaunti ikamsikiliza, jina lako lingekuwa kwenye orodha ambayo kila mtu anaiona, na mwenye ankara ya juzi asingekuruka. Pengine ile mashine ungekuwa nayo bado.

19. La mwisho, la vitendo. Huhitaji kusubiri mdahalo. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya habari, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu ombi lako liandikwe kwa Kiswahili. Ofisi ina siku 21 kukujibu. Omba hadidu za rejea, muda wa mkataba, chanzo cha pesa, na ripoti ya makabidhiano. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

20. Kwa ufupi, maswali matatu: Pesa ni msaada au mkopo? Kazi haina mwenyewe tayari? Akiondoka, nani anabaki nayo? Mgombea akishindwa kuyajibu, awe wa upande wako ama wa upande ule mwingine, ujue bado hajafikiria. Ukiona tangazo la kazi kama hii gazetini ama mtandaoni, niwekee hapo chini tulisome pamoja. Na kama una ankara ya kaunti iliyolala, tuambie imelala miaka mingapi. Mjomba anasoma majibu.